Barua ya wazi kwa wakuu wa majeshi ya wanamaji: Pomboo wenu watazeekea wapi?

Kwa makamanda wa majeshi ya wanamaji ya Marekani na Urusi, na kwa wabunge mnaopitisha bajeti zao.

Waheshimiwa,

Ama baada ya salamu, nawaandikia kwa niaba ya watumishi wenu wasioweza kuandika barua. Hawana mkataba, hawana chama cha wafanyakazi, na njia yao ya kukataa kazi ni kususia chakula au kuogelea na kwenda zao. Ni pomboo na simba wa bahari mnaowafundisha kutafuta mabomu yaliyotegwa baharini. Mimi si askari wala si daktari wa wanyama. Ni msomaji tu, niliyefuatilia habari za wanyama hawa kwa muda mrefu, na kila nikifika mwisho wa habari ya mmoja wao nakwama kwenye swali lile lile: alipomaliza kazi, alikwenda wapi?

Siwaombi mfungue nyavu kesho asubuhi. Wapo wanaotaka hivyo na uchungu wao naujua, lakini pomboo aliyezoea kufugwa akiachiliwa ghafla huumia, na mifano ipo. Ninachoomba ni ahadi ya maandishi, yenye nguvu ya sheria na iliyotengewa fedha, kwamba kila mnyama mliyemtia kazini mtamtunza mpaka siku atakayokufa. Iwe hivyo hata kitengo kikifungwa, hata bajeti ikikatwa, hata serikali iliyomchukua ikiwa haipo tena.

Niruhusuni nianze na kazi yenyewe, maana asiyeijua kazi hawezi kujua ukubwa wa deni.

Boti ndogo inaelea nje kidogo ya San Diego, mji wa pwani ya Marekani wenye kituo cha pomboo wa jeshi. Ubavuni mwake pomboo ametoa kichwa majini, anamtazama mkufunzi. Mkufunzi anampa ishara ya mkono, naye anazama. Huko chini maji ni tope tupu. Mzamiaji mwenye taa haoni kiganja chake mwenyewe. Pomboo naye haoni, ila hana haja ya kuona. Anatoa milio mifupi mno, kila mmoja hauchukui hata sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde, na mitetemo yake hupita 100,000 kwa sekunde, wakati sikio la mwanadamu hukomea kwenye 20,000 hivi. Milio hiyo hupita katika nundu ya mafuta iliyo kwenye paji lake, ikatoka mbele kama mwanga wa tochi, ikagonga kitu, ikarudi. Mwangwi anaupokea kwa taya la chini, nalo limejaa mafuta yanayoufikisha sikio la ndani. Kisha anapanda juu. Botini kuna vibao viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma. Akigusa cha mbele kwa pua yake, amesema kipo. Akigusa cha nyuma, amesema hakuna kitu. Akisema kipo, anapewa kifaa cha kuwekea alama, anashuka nacho na kukiacha karibu na alichokisikia, ili wazamiaji wajue pa kushukia. Halafu anarudi kupokea samaki wake.

Mashine za kazi hiyo mnazo, na nyingine ni za gharama kubwa. Lakini tangu zamani wanasayansi wenu wenyewe wamekuwa wakiandika kwamba mashine inashindana na mwalimu wake. Mwaka 1980 Whitlow Au, aliyefanya utafiti wake Hawaii, alichapisha pamoja na mwenzake majaribio ambamo pomboo aligundua tufe la chuma lenye kipenyo cha sentimita 7.62, likiwa mita 113 mbele yake. Ni kitu cha ukubwa wa chungwa dogo, mbali zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira. Baadaye ikaonekana kwamba pomboo anaweza kutofautisha mitungi miwili ya alumini inayofanana kwa kila kitu isipokuwa unene wa kuta zake, na tofauti yenyewe ni milimita 0.3. Anayatambua hayo kwa sauti peke yake, bila kuigusa.

Kuna kisa kimoja ambacho sichoki kukirudia. Mwaka 2013, katika mazoezi ya kawaida karibu na Coronado, jirani na San Diego, pomboo aitwaye Ten alizamishwa mahali ambapo wakufunzi walikuwa na hakika kwamba hawakuweka kitu. Akapanda, akagusa mbele ya boti: kipo. Wakufunzi hawakumsadiki mara moja. Siku chache baadaye pomboo wa pili, Spetz, akasema vilevile karibu na pale pale. Wazamiaji walipotumwa wakaibuka na vipande vya topido, yaani kombora linalojiendesha chini ya maji, ya aina ya Howell, ya shaba, iliyoundwa karne ya 19. Topido hizo ziliundwa 50 tu, na hadi siku ile ilijulikana moja pekee iliyobaki duniani. Watu waliokuwa botini waliamini orodha yao, na pomboo wakaamini masikio yao. Nawasifu waliochukua hatua ya kumsikiliza Spetz, maana kumsikiliza mnyama anapokwambia usilotarajia ni jambo gumu.

Sababu ya kuwahitaji naielewa. Bomu la baharini ni silaha ya maskini inayomfilisi tajiri. Tarehe 14 Aprili 1988, katika Ghuba ya Uajemi, manowari ya Marekani iitwayo Samuel B. Roberts iligonga bomu la Iran lililobuniwa kwa mchoro wa mwaka 1908. Bomu lile lilikisiwa kugharimu dola 1,500 hivi, na kuitengeneza meli kukagharimu karibu dola milioni 90. Miaka mitatu baadaye, katika siku moja ya Februari 1991, manowari nyingine mbili, Tripoli na Princeton, zililipukiwa na mabomu ya Iraq. Na bomu likishatupwa majini halijui vita imekwisha. Linasubiri meli yoyote, iwe ya askari, ya wavuvi au ya nafaka.

Tena nitasema lililo jema kwenu bila kupunguza. Machi 2003 mliwapeleka pomboo kwa ndege hadi bandari ya Umm Qasr, kusini mwa Iraq. Bandari ile ilikuwa imefungwa kwa hofu ya mabomu, na watu wa nchi kavu walikuwa wanahitaji chakula na maji. Pomboo walipita, wazamiaji wakapita, na tarehe 28 Machi meli ya Uingereza iitwayo Sir Galahad ikafunga gati ikiwa imebeba misaada. Baba au mama aliyepokea unga siku ile alipokea, kwa sehemu, kazi ya mnyama aliyetoka upande wa pili wa dunia ndani ya machela iliyotundikwa kwenye sanduku la maji. Kwa hiyo sisemi kwamba kazi hii haina maana. Nasema kwamba ina maana kubwa, na ndiyo sababu deni lake ni kubwa.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Janga la mabomu mmelichuma wenyewe, nyinyi na maadui zenu. Pomboo hana upande. Hana bendera, hajui Ghuba ni ya nani, na wala hajui kwamba kile anachokiwekea alama kinaweza kulipuka. Kwake yeye ule ni mchezo wa kutafuta unaoishia kwa samaki. Mnasema mara kwa mara kwamba mabomu haya yametengenezwa kuitikia meli kubwa za chuma, na kwamba mnyama hafundishwi kuligusa bali kuliwekea alama tu. Nakubali. Lakini mnyama asiyejua hatari hawezi kusemwa kuwa ameikubali. Ameifanyia kazi tu, basi.

Mnasema pia kwamba wanyama wenu hufanya mazoezi katika bahari ya wazi, bila kamba, na bado hurudi. Hoja hii nimeifikiria sana, kwa sababu ndiyo nzuri kuliko zote mlizonazo. Ni kweli hurudi. Magazeti ya mwaka 2003 yaliandika kwamba pomboo aitwaye Takoma alitoroka pale Umm Qasr akiwa kazini, akakaa nje kama siku mbili, kisha akarudi mwenyewe. Lakini jiulizeni Takoma angekwenda wapi. Hakuzaliwa katika maji yale, hakuwa na kundi humo, na chakula alichokizoea hutoka kwenye ndoo. Mtoto akirudi nyumbani jioni kwa sababu hana pengine pa kula, hatusemi ameridhika na malezi. Tunasema wale wanaomlisha wana wajibu mzito zaidi.

Narudi kwenye vile vibao viwili. Cha mbele ni ndiyo, cha nyuma ni hapana. Hakuna kibao cha kusema nimechoka, au masikio yangu hayasikii tena kama zamani. Na masikio yao huchoka kweli. Watafiti wa San Diego waliwapima pomboo wengi na kukuta kwamba, kama ilivyo kwa wanadamu, umri ukisogea usikivu wa sauti za juu hupotea, na kwa madume huweza kuanza kati ya miaka 20 na 30. Sauti za juu ndizo hasa zinazomwezesha kulijua bomu. Pomboo mwenye bahati huweza kuishi miaka 40, hata kupita 50. Maana yake ni kwamba mtumishi wenu anaweza kuishi nusu ya umri wake akiwa hafai tena kwa kazi mliyomfunza, huku akila kilo kadhaa za samaki kila siku na kuhitaji daktari. Jeshi lina desturi ya kuhesabu kila kitu. Na kwenye hesabu ya jeshi, pomboo kiziwi anasomeka kama gharama.

Ndiyo maana naandika sasa na si baadaye. Mwaka 2012 jeshi la Marekani lilitangaza kwamba pomboo wa kutafuta mabomu wangeanza kubadilishwa kwa roboti za chini ya maji kufikia mwaka 2017. Mwaka ule ukapita na pomboo wakawa bado kazini, kwa kuwa roboti hazikufika pale zilipotarajiwa. Lakini kila mwaka roboti inajifunza kidogo zaidi. Siku ya kuwaambia pomboo asanteni, kwaherini, iko njiani, na mimi nimesoma yaliyotokea siku hiyo ilipofika mara zilizopita.

Baada ya Vita Baridi kwisha, bajeti zilipungua na jeshi la Marekani likajikuta lina pomboo wa ziada. Watatu wakapelekwa katika hifadhi moja huko Florida ili watayarishwe kurudi baharini. Mei 1996 wawili kati yao, Buck na Luther, waliachiliwa bila kibali karibu na Key West. Haikufika wiki mbili wakawa wamekamatwa tena. Walikutwa na majeraha, wamekonda, na walikuwa wakiwafuata watu wa maboti wakiomba chakula. Hawakushindwa kwa sababu ni wajinga. Walikuwa wanafanya kile walichofundishwa maisha yao yote: ukimwona mwanadamu kwenye boti, nenda, toa kichwa, ngoja samaki. Nawaomba wale wanaopigania uhuru wa wanyama, ambao najua wataisoma barua hii, wawakumbuke Buck na Luther kabla ya kudai nyavu zikatwe.

Upande wa pili wa dunia hali ilikuwa mbaya zaidi. Muungano wa Kisovieti ulianzisha kituo chake Sevastopol, bandari ya Crimea kwenye Bahari Nyeusi, katika miaka ya 1960, kikawa na pomboo wa kutafuta mabomu na topido zilizozama na kulinda lango la bandari. Mwaka 1991 dola ile ikafa. Kituo kikarithiwa na Ukraine, ambayo haikuwa na kazi ya kuwapa pomboo wale wala pesa ya kuwalisha. Wakaanza kutumika kwa maonyesho ya watalii na kwa kuogelea na watoto wagonjwa. Mwaka 2000 BBC iliripoti kwamba wanyama 27, wakiwemo pomboo na simba wa bahari, wameuzwa Iran. Mkufunzi aliyekuwa nao alieleza kwamba samaki wamemwishia na dawa zimemwishia, na asingeweza kukaa akiwatazama wanakufa njaa. Mimi simlaumu mtu yule. Alifanya alichoweza kwa mikono mitupu. Ninaowalaumu ni wale waliowakamata baharini wakati dola ina nguvu, bila kuandika hata mstari mmoja kuhusu nani atawalisha dola ikianguka. Askari wa nchi iliyovunjika anaweza kwenda kwao kulima. Pomboo wa nchi iliyovunjika anabaki ndani ya nyavu, akingoja mlango wa jokofu la samaki ufunguliwe.

Makamanda wa Urusi, somo lile lilikuwa lenu kabla ya kuwa la mtu mwingine yeyote. Badala yake, baada ya kuitwaa Sevastopol kutoka Ukraine mwaka 2014, Machi 2016 wizara yenu ya ulinzi ilitangaza zabuni ya kununua pomboo watano wapelekwe Sevastopol, kwa bei isiyozidi rubo milioni 1.75. Nilisoma masharti yake: madume matatu na majike mawili, wenye umri wa kati ya miaka mitatu na mitano, wasio na kilema, meno yote yawe mazima. Nilikaa nikayatafakari hayo meno. Mnunuzi anayekagua meno anajua fika kwamba anaanza na mnyama kijana ambaye ana miongo mingine mitatu au minne ya kuishi. Mbona zabuni haikuuliza hiyo miongo itapita wapi? Februari 2022, vita yenu na Ukraine ilipopamba moto, mazizi ya nyavu yakaonekana kwa picha za setilaiti kwenye lango la bandari ya Sevastopol. Bandari ile imeshambuliwa kwa makombora na kwa boti zisizo na watu. Askari wenu wana mahandaki ya kukimbilia. Kiumbe anayeona dunia kwa masikio yake, akiwekwa ndani ya nyavu mlangoni mwa bandari inayoshambuliwa, hana pa kukimbilia.

Halafu kuna yule nyangumi mweupe. Aprili 2019 wavuvi wa kaskazini mwa Norway waliona beluga akijisogeza kwenye boti yao na kujisugua, akiwa amefungwa mikanda mwilini. Walipomfungua, wakakuta mikanda ina mahali pa kuwekea kamera, na bizimu zake zina maandishi ya Kiingereza yanayotaja St. Petersburg. Watu wa Norway wakampa jina Hvaldimir. Kwa miaka mitano akazunguka pwani ya nchi ile akifuata maboti na kuomba kuchezewa, akirudisha vitu vilivyoanguka majini kama aliyefundishwa, na wakati mwingine akijeruhiwa na mapanga ya injini. Hakuna serikali iliyojitokeza kusema huyu ni wetu. Tarehe 31 Agosti 2024 alikutwa amekufa katika ghuba ya Risavika. Madaktari walipompasua walikuta tumbo tupu, na kijiti cha urefu wa sentimita 35 kimekwama kinywani.

Kama aliyemfunga ile mikanda anaisoma barua hii, nataka ajue kwamba nyangumi wake alikuwa anaendelea kutafuta boti la kurudia.

Sasa niseme ninachoomba, na nitakisema kwa lugha ya bajeti kwa sababu ndiyo inayosikika bungeni. Kabla mnyama hajafundishwa chochote, itengwe fedha ya kumtunza maisha yake yote, katika mfuko ambao jeshi haliwezi kuugusa na ambao hautegemei kura ya kila mwaka. Mfuko huo usimamiwe na watu wasiovaa sare. Siku kazi yake ikiisha, kwa uzee, kwa uziwi au kwa sababu roboti imeingia, mnyama aende kwenye ghuba iliyozungushiwa uzio, yenye maji ya bahari na wenzake anaowajua, na daktari yule yule au aliyekabidhiwa faili lake. Wenye uwezo wa kurudi porini watayarishwe polepole, kwa miaka ikibidi, na wafuatiliwe. Wasiouweza wakae. Asiuzwe hata mmoja, wala asikodishwe kwa maonyesho. Na mnapowapeleka karibu na vita, mpango wa kuwaondoa uandikwe kabla ya mpango wa kuwaingiza.

Waheshimiwa wabunge wa Marekani, kwenu nina ombi la pekee. Tangu miaka ya 1980 sheria yenu inamruhusu Waziri wa Ulinzi kuidhinisha wanyama wa baharini hadi 25 wakamatwe kila mwaka kwa ajili ya ulinzi wa taifa, nje ya masharti ya kawaida ya Sheria ya Kulinda Mamalia wa Baharini ya mwaka 1972. Kwa miaka mingi jeshi lenu limekuwa likizalisha pomboo wake lenyewe, na kituo cha San Diego kina zaidi ya wanyama 100 ukihesabu pomboo na simba wa bahari. Basi ruhusa hiyo ya nini? Ifuteni. Kila pomboo anayekamatwa porini ana mama, ana kundi, ana mlio wake wa pekee ambao wenzake wanamtambua kwao. Mkimtoa, ule mlio unaitwa bila kuitikiwa.

Na mabomu yenyewe? Mkataba wa Nane wa The Hague wa mwaka 1907 unasema vita ikiisha kila nchi ifanye kila iwezalo kuondoa mabomu iliyoyatega. Ni zaidi ya miaka 100 sasa, na bado mkataba ule unahusu mabomu ya kugongwa tu, siyo haya ya kisasa yanayoitikia sauti na sumaku ya meli. Upanueni. Tena angalieni namna ya kuondoa. Agosti 2019 mabomu 42 ya Vita vya Pili vya Dunia yalilipuliwa katika mlangobahari wa Fehmarn, ndani ya eneo la hifadhi la Ujerumani. Baadaye wanyama wa jamii ya karibu na pomboo, wale wadogo wenye pua butu, wakaanza kuokotwa ufukweni. Kati ya 24 waliochunguzwa, 10 walikuwa na majeraha ya mlipuko, kwenye masikio. Njia ya kupunguza madhara ilikuwepo: pazia la mapovu ya hewa linalozungushwa bomu kabla ya kulilipua, ambalo humeza sehemu kubwa ya kishindo. Inasikitisha kumkopa pomboo sikio lake ili ulipate bomu, kisha ukalipasua sikio la binamu yake wakati wa kuliondoa.

Mwisho, naomba daftari. Litangazwe kila mwaka, kila mtu aweze kulisoma: jina la mnyama, mwaka aliozaliwa au kukamatwa, mahali, kazi alizofanya, hali ya masikio yake, alipo leo, na kama amekufa, amekufa kwa nini. Siri za kijeshi hazimo katika orodha hiyo. Upande wa Marekani ukurasa wa kwanza uwe wa Notty, pomboo aliyechukuliwa mwaka 1960 ili wahandisi wa topido wajifunze umbo lake. Wa Tuffy ufuate, yule aliyewapelekea barua na vifaa watu waliokuwa wakiishi chini ya bahari karibu na La Jolla, California, mwaka 1965. Wawemo waliolinda gati la silaha Cam Ranh Bay wakati wa vita vya Vietnam, wawemo Ten na Spetz, wawemo Buck na Luther. Upande wa Urusi, nitaanza kusoma kwenye ukurasa wa wale 27.

Nangoja jibu lenu.

Wenu katika kuwajali,
Msomaji wa habari zao